Ushahidi wa Kifua

Omosa alipoingia kanisani Manga siku ya Sabato, aliingia kiubavu-ubavu. Si kwamba mlango ulikuwa mwembamba. Mlango ule ulikuwa umewahi kupitisha jeneza pamoja na walioliinua, na hakuna aliyekwaruzwa. Omosa alipenda tu watu waone kuwa amelazimika kuingia ubavu. Shati lilikuwa limembana mpaka vifungo vikahema, na shingo ilikuwa imeanza kuzama mabegani. Kwaya ikapoteza ubeti mmoja. Wazee wakamgeukia baba yake, Mzee Obwocha, mzee wa kanisa, wakamnong'oneza, "Umezaa, mzee. Hapo umezaa kweli."

Nyuma yake, mkewe Lorna aliingia kwa mlango uleule akiwa wima, Biblia mkononi, na hakuna aliyemtazama usoni. Walimtazama tumboni. Ulikuwa mwaka wa nne tangu harusi, na tumbo lilikuwa bapa kama siku alipotoka kwao Ikonge.

Kesi ya Lorna ilianzia hapo. Watu wa Manga si wajinga, wanajua mtoto hutafutwa na wawili. Lakini macho nao wanayo. Ukimweka Omosa upande huu na Lorna upande ule, ni nani utamshuku? Huyu mwanamume ana kifua kama lango la zizi, mikono imetambaliwa na mishipa kuanzia begani hadi kiganjani. Huyu mwanamke ni mwembamba, anafundisha chekechea, na akipiga chafya utadhani ni paka. Hukumu ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa. Kila kilo aliyoongeza Omosa ilikwenda moja kwa moja kwenye ushahidi dhidi ya mkewe, na mama yake Omosa, Nyanchera, alikuwa tayari ameanza kuwatajatajia watu msichana fulani wa huko Itumbe, mnene, mcheshi, mwenye dada waliojaliwa mapacha.

Sasa usione vyaelea, vimeundwa. Omosa hakuzaliwa na kifua kile. Aliuza mabati na misumari katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, na alipoanza kazi hiyo wateja walikuwa wakimuuliza kama yeye mwenyewe si bidhaa ya rafu ya misumari. Utani huo ulimchoma. Akajiunga na jimu iliyokuwa nyuma ya soko, na kwa miaka miwili ya kwanza alifanya mambo kwa haki. Alinyanyua alichoweza, akaongeza kidogo kidogo. Lorna alimpikia maharagwe, mayai, omena na ugali wa wimbi, akamwekea maziwa lala kwenye kibuyu. Usiku alilala kama mtoto mchanga; mtoto wao wenyewe walikuwa wamekubaliana angoje kidogo. Mwili nao ukafanya kazi yake jinsi unavyojua: chuma kinachosha nyama, chakula kinaikarabati, usingizi unaijenga, na ile homoni ya kiume ambayo mwili hujitengenezea wenyewe inasimamia kazi yote kama nyapara asiyepiga kelele. Misuli ikaja. Ikaja polepole, lakini ilikuwa yake.

Ubaya ni kwamba ilifika mahali ikasimama. Na mtu akishazoea kusifiwa, kusimama kwake ni kurudi nyuma.

"Buda, mwili yako imefika mwisho," Kocha Ronny alimwambia. Huyu ndiye aliyekuwa mwenye jimu, mtu aliyetembea mikono ikiwa mbali na mbavu kana kwamba amebeba matikiti kwapani. "Hizo mayai utakula mpaka kuku zigome. Hii ndiyo dawa." Akatoa kichupa cha mafuta chenye maandishi ambayo hakuna mtu Kisii nzima angeweza kuyasoma. "Na usiogope. Ni homoni tu. Ni kitu uko nayo tayari. Sisi tunaongeza."

Kocha Ronny mwenyewe alikuwa na mke wa tatu na hakuwa na mtoto hata mmoja. Lakini ni nani anayemuuliza swali kama hilo mtu mwenye mikono ile?

Basi Omosa akawa anainama katika chumba cha nyuma cha jimu na kudungwa sindano ya takoni, kisha anarudi dukani akichechemea na kumwambia tajiri yake kwamba amevuta msuli. Nyumbani alisema ni vitamini. Akavimba upesi, akavimba mpaka nguo za harusi zikagawiwa ndugu. Na kwa kuwa alikuwa anavimba hata akilala vibaya na kula ovyo, akaanza kuyadharau maharagwe. Kazi yote ya miaka miwili ya sufuria ya Lorna, sifa zake akampa Kocha Ronny.

Lorna alipomwomba waende wote wawili wapimwe, Omosa alicheka. Akakunja mkono, akaufanya msuli uruke, akasema, "Hebu uliza huyu kama ni mgonjwa." Lorna akaenda peke yake, akapimwa, akaambiwa hana kasoro. Aliporudi na habari hiyo, mama mkwe alisema madaktari wa siku hizi wanasema chochote. Omosa alikuwepo, na hakuongeza neno.

Kilichompeleka yeye kwa daktari ni kifua. Nyuma ya chuchu kulikuwa na vitu viwili vigumu kama kokwa za parachichi, na vilikuwa vinauma. Kocha Ronny alimwambia ni kifua kinaiva. Omosa aliamini, mpaka siku alipopanda boda boda, dereva akakanyaga breki, kifua chake kikagonga mgongo wa dereva, na yeye akapiga yowe jembamba ambalo abiria wa boda za jirani waligeuka kulitafuta lilikotoka. Mashindano ya kutunisha misuli yalikuwa yanakaribia mjini, naye hangeweza kupanda jukwaani akipiga mayowe. Akaenda kwa Daktari Esnah, mama mmoja wa makamo mwenye kliniki yake mjini, akaomba dawa ya maumivu.

Daktari alimvua shati, akabonyeza, akamuuliza maswali machache, akampeleka maabara, kisha akamkalisha.

"Hii si misuli, Bwana Omosa. Hili ni titi."

Omosa alifikiri hakusikia vizuri.

"Homoni ya kiume ikizidi mwilini, nyingine hugeuzwa kuwa ya kike. Titi linaota. Hilo ni dogo. Mwili ukiona homoni inamiminwa kutoka nje, unafunga kiwanda chako. Na kiwanda chako hakikuwa kinatoa homoni peke yake. Kinatoa na mbegu." Alivua miwani. "Tumepima. Mbegu hakuna. Kwani hukuona zimepungua ukubwa?"

"Nini?"

"Usinilazimishe nizitaje."

Omosa akaangalia dari. Alikuwa ameona. Alidhani ni mapaja yamenenepa ndiyo maana zinaonekana ndogo, na siku hiyo hata alijipongeza.

"Wengi hurudia hali yao," daktari akasema, sasa kwa upole. "Si kesho. Miezi, pengine mwaka na zaidi, na wengine huhitaji kusaidiwa. Usiache kiholela, utaacha mimi nikikuangalia. Hayo matiti yanaweza kubaki, tutaona. Lakini mke wako asizungushwe kwa waganga wala kwa maombi. Yeye hana shida yoyote."

Omosa akashukuru, akafunga vifungo, akatoka. Sindano aliziacha, hilo tumpe haki yake. Kuhusu mashindano, akasema ameumia bega. Ila lile neno la mwisho la daktari alilimeza, na likakaa tumboni mwake bila kusagika. Aliogopa. Mtu aliyekuwa akinyanyua vyuma ambavyo wengine walivizunguka tu wakivitazama, aliogopa sentensi moja. Na alipokuwa bado anaogopa, baba yake akapiga simu: njoo Jumapili, uje na mkeo, kuna jambo la nyumba. Omosa akajua jambo lenyewe ni kumrudisha Lorna kwao.

Kuogopa kwake kulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni ensoni. Kati ya Mgusii na baba yake kuna ukuta wa haya ambao haujajengwa kwa matofali lakini haubomoki. Mwana akishatahiriwa, baba hauoni mwili wake tena, naye hakanyagi chumba anacholala baba. Habari za kitandani hazitajwi kati yao, hata kwa mzaha, hata kwa mafumbo. Baba wakubwa na baba wadogo nao ni akina baba, ukuta ni uleule. Waswahili walisema mficha uchi hazai. Ni kwa sababu hawakuwahi kukaa Manga.

Lakini ukuta huo una mlango, na Omosa aliujua. Bibi na mjukuu hawana ensoni. Bibi humwita mjukuu mume wake, wakataniana mambo ambayo mchungaji angeyasikia angefunga na kuomba. Basi Jumapili ile Omosa alimwacha Lorna akiwasalimu wakwe, akapita nyuma hadi jikoni kwa nyanya yake, Nyamoita, akiwa amejipangia hila yake. Angemwambia bibi, bibi angemwambia baba, na yeye angekaa pembeni akiangalia mashamba ya chai.

"Mume wangu!" Nyamoita aliita kutoka kwenye moshi. "Njoo nikuone. Umekuwa ng'ombe wa maonyesho." Akaunyosha mkono wake mkavu, akamfinya kifuani.

Omosa akapiga lile yowe.

Bibi akafinya tena, taratibu, kama anayechagua parachichi sokoni. Uso wake ukabadilika. "Omosa. Hii ni nini?"

Akamwambia yote. Sindano, kiwanda, mbegu, na zile ambazo daktari alikataa kuzitaja. Nyamoita alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya jiko. Akacheka mpaka kuku wakatoka nje. "Kumbe miaka yote hii nimeolewa na mwanamke mwenzangu!"

"Magokoro, bibi yangu, nakuomba. Leo wanataka kumrudisha Lorna kwao. Wewe mwambie Tata."

Kicheko kikakatika.

"Nimwambie nani?"

"Tata."

"Obwocha nimemzaa mimi," bibi akasema. "Nimemnyonyesha. Nimkalishe mwanangu nimwambie habari za korodani? Kinywa changu kitakula chakula tena? Mimi na wewe tunaweza kuyacheka haya mpaka jua lizame. Lakini kati yangu na yeye ni ukuta, na kati yako na yeye ni ukuta. Neno hili halina pa kupitia."

Omosa akabaki amesimama katikati ya moshi. Katika hesabu yake yote alikuwa amesahau kwamba baba yake naye ni mtoto wa mtu.

"Basi nani atasema?"

"Hakuna," akasema Nyamoita, akarudia sufuria yake. "Nyamaza. Lorna aende, aje huyo wa Itumbe, naye mumsingizie. Wasichana wako wengi."

Hakuwa anacheka tena. Omosa alimtazama akitumaini ataona utani machoni, hakuuona.

Kikao kilifanyika sebuleni, viti vikiwa vimevishwa vitambaa vyao vyeupe vilivyofumwa. Alikuwepo Mzee Obwocha, mtu aliyelima chai maisha yake yote bila kuionja, kwa sababu ya imani yake ya Kisabato. Alikuwepo Nyanchera, pindo la leso tayari mkononi kwa ajili ya machozi. Alikuwepo Mogire, ndugu mdogo wa mzee, ambaye huitwa kwenye vikao vyote kwa kuwa hupenda kusema. Lorna alikaa karibu na mlango. Wakaomba. Maombi yalikuwa marefu na yalimtaja Sara, Raheli, Hana na Elisabeti, na kila jina lilipotajwa Lorna alizidi kuinama.

"Hatusemi mtu ni mbaya," Mogire akaanza. "Lorna ni mtoto mzuri. Anaheshimu watu. Lakini chai ikikaa miaka haichumwi, mwenye shamba hufanya nini? Nauliza tu."

"Sijalala," Nyanchera akasema, akapangusa jicho. "Wenzangu wote wanabeba wajukuu. Mimi nabeba mkoba."

Mzee Obwocha alizungumza akiangalia sakafu, kama inavyopasa. "Mtoto wetu ametimiza upande wake. Hilo kila mtu anaona."

Na kila mtu akaona. Macho yote yalihamia kifuani kwa Omosa, yakakaa pale kwa fahari na huzuni. Omosa akakunja mikono kukificha, kikamuuma, akaikunjua.

"Kwa hiyo," mzee akamaliza, "Lorna aende Ikonge apumzike. Tutazungumza na wazazi wake kwa heshima."

Lorna hakulia. Alikuwa ameshika pindo la leso yake, analikunja, analikunjua, analikunja tena. Omosa aliona aibu. Si ile ya ensoni aliyofundishwa; hii ilikuwa yake mwenyewe, ilimpanda kutoka miguuni, na alijichukia kwa namna ambayo hajawahi kujichukia hata enzi za utani wa misumari. Akasimama.

"Tata, naomba unisamehe. Upande wangu haujatimia."

"Kaa chini," akasema Mogire.

Omosa akatafuta maneno. Kwa Ekegusii kila neno alilolishika lilimwunguza ulimi, akaliangusha. Mwishowe akakimbilia Kiswahili, lugha ya shule na ya hospitali, akasema kama anayesoma tangazo la serikali ubaoni: "Mimi ndiye nimekosa uwezo wa kuzaa. Nilidungwa homoni ili nipate misuli. Mbegu zimekwisha. Daktari amethibitisha. Lorna hana kosa lolote."

Nyanchera akaacha kupangusa jicho. Mzee Obwocha alikuwa amefumba macho, midomo ikitembea, na kama hayakuwa maombi basi sijui yalikuwa nini.

Mogire peke yake ndiye aliyetabasamu. "Ona huruma ya kijana. Anamfunika mkewe. Lakini jamani, si tuna macho? Mtu mwenye kifua kama hicho!" Akamnyoshea kidole. "Hebu kiangalieni!"

Nyanchera akashusha pumzi, faraja ikamrudia usoni. Naam, kiangalieni. Na Omosa akaelewa kwamba angeweza kuongea pale mpaka jioni, kwa lugha yoyote, na hakuna atakayemsikia, kwa kuwa kifua chake kilikuwa kinasema kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Akafungua kifungo cha kwanza. Cha pili kikaruka chenyewe. Akalipanua shati, akasimama mbele ya baba yake mzazi, mama yake mzazi na baba yake mdogo, na kwenye kile kifua chote kilichosifiwa kanisani kulikuwa na matiti mawili madogo yaliyochongoka, ya msichana aliyeanza kuvunja ungo.

Mzee Obwocha alitoka. Hakukimbia, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, ila alijifunika uso kwa kofia, akagonga meza, akagonga mlango wa nyuma, akaenda moja kwa moja hadi kwenye chai. Nyanchera alijitanda leso kichwa kizima. Mogire, msemaji wa vikao vyote, aligundua jambo la muhimu sana kwenye mbao za dari.

Kisha kutoka kwenye chai ikasikika sauti ya mzee. Hakumwita mwanawe. Alimwita mama yake.

"Mama! Mwambie mjukuu wako avae shati!"

"Amesikia!" Nyamoita akajibu kutoka jikoni.

Kisha tena, sauti ikiwa imepungua nguvu: "Na umwambie mke wake asiende popote. Hapa ni kwake."

Omosa akafunga vifungo vilivyobaki. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari aliweza kuvuta pumzi mpaka chini. Akamgeukia Lorna, na nafikiri alitarajia kushukuriwa. Wanaume tuko hivyo.

Lorna alikuwa amesimama.

"Mwambieni Tata nimesikia, na ninamshukuru," akasema, sauti ile ndogo ya chekechea, bila kutetemeka. "Lakini naenda. Nilipimwa, nikawaambia sina kasoro. Hakuna mtu katika nyumba hii aliyeniamini. Mlimtazama yeye, mkanihukumu mimi." Akamgeukia mumewe. "Na wewe ulikuwa unawasikia. Wamesema nipumzike. Kweli, nimechoka. Nitapumzika."

Nyanchera akaanza kusema mwanangu, mwanangu, lakini neno hilo lilikuwa halijazoea kinywa chake. Lorna akampa mkono wa kwaheri, akachukua mkoba wake, akatoka.

Omosa alimfuata mbio, akamfikia penye mteremko, akanyosha mkono kuuchukua ule mkoba.

"Ni mwepesi," Lorna akasema. "Nitaubeba."

Basi akatembea nyuma yake, mikono mitupu, shati likiwa limepishana vifungo. Njia ya Manga ni nyembamba na Jumapili hupita watu wengi. Walipofika penye kituo cha kupimia chai wakakutana na Mama Edinah wa kwaya. Akasimama kuwasalimu. Akamtazama Lorna tumboni, akaona mkoba, akaelewa alichodhani ameelewa. Kisha akamtazama Omosa kuanzia begani hadi begani, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, mwanangu," akamwambia Omosa. "Mungu atakupa mwingine."

Lorna akasimama. Hakugeuka. Alisimama tu katikati ya njia, akiwapa mgongo, mkoba mkononi, akingoja.

Omosa alitazama huku na huku. Nyuma ya Mama Edinah walikuwa wanakuja wengine, na nyuma ya hao wengine, njia nzima hadi barabarani, na kila mmoja angekitazama kifua chake kabla ya kumsikia.

"Si yeye, Mama Edinah," akasema. "Ni mimi."

Lorna akaanza kutembea tena. Safari hii hakutembea haraka.